Mbwa wawili si ulinzi mara mbili: Jinsi ya kuwalea pamoja bila vita bomani

Vita vilianza kwa mfupa mmoja.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, ile baridi ya Nyeri ambapo manyunyu hayakomi na jua hulioni siku tatu mfululizo. Mathe alikuwa amechemsha supu, na alipomaliza akatupa mfupa nje ya mlango wa jikoni kama alivyozoea. Mbwa wetu wawili, madume wa miezi 14, ndugu wa tumbo moja, waliufikia kwa pamoja. Hapakuwa na kubweka. Nilisikia tu kishindo cha beseni likipinduka, halafu mngurumo ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwetu.

Mathe akaingia katikati akiwa na mwiko mkononi. Alitoka bila kidonda, lakini mkono wa sweta yake ulikuwa umeraruka kutoka kiwiko hadi kiganjani. Mbwa mmoja alikuwa na sikio lililochanika, mwingine akichechemea.

Jioni hiyo, tukiota moto wa jiko, mathe hakupaza sauti. Alisema tu: "Mmoja aende. Nakupa hadi Desemba."

Sikuwa na la kujibu. Mimi ndiye niliyewaleta, na ukweli ni kwamba tangu niwalete sikuwa nimewafunza chochote.

Nasimulia haya kwa sababu najua si kwetu King'ong'o pekee. Tembea Ruring'u, Kamakwa, Karatina, Nanyuki au Kerugoya, utaona vijana wengi sasa wanafuga mbwa. Wengine wanatafuta ulinzi, wengine wanataka kuuza vilebu, wengine wanapenda tu kuwa na rafiki anayewangoja getini. Na wengi wakishapata mmoja, hawachukui muda kabla ya kuongeza wa pili. Hapo ndipo mambo hubadilika.

Punguzo la bei lililotugharimu

Aliyetuuzia alikuwa na vilebu sita, chotara wa German Shepherd. Nilienda kununua mmoja. Akaniambia nikichukua wawili atanipunguzia, na kwamba ndugu hawatasumbua kwa sababu "watafunzana wenyewe". Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Kumbe wakufunzi wengi wa mbwa hushauri kinyume kabisa. Kilebu hujifunza dunia ilivyo akiwa na umri wa kati ya wiki tatu na wiki 14 hivi. Ndicho kipindi anachozoea watu, watoto, boda boda, mvua inayogonga mabati, kuku wa jirani na mbwa wengine. Akikipitisha kipindi hicho na ndugu yake ubavuni saa zote, humtegemea ndugu huyo kuliko anavyokutegemea wewe. Ukimwita, anamwangalia mwenzake kwanza. Ukimtenganisha naye hata kwa dakika tano, analia na kukwaruza mlango. Na wakishabalehe, mapenzi hayo yanaweza kugeuka ushindani, hasa wakiwa wa jinsia moja.

Si lazima itokee. Kuna ndugu wanaozeeka pamoja bila kuumana. Lakini kazi ya kuwalea wawili wa umri mmoja ni zaidi ya mara mbili ya kumlea mmoja, kwa sababu unawafunza kila mmoja kivyake, halafu unawafunza tena wakiwa pamoja. Mimi sikufanya hata moja kati ya hayo.

Kosa langu jingine linachekesha kidogo. Niliwaita Toby na Tony. Nikiita mmoja wanakuja wote, nikimkemea mmoja wananywea wote. Kwa masikio ya mbwa majina hayo yalikuwa kitu kimoja. Ilibidi Tony abadilishwe jina akawa Shujaa, na kwa wiki mbili kila alipoitikia jina jipya alipata kipande cha pafu la ng'ombe kutoka bucha. Ukiwa na mbwa zaidi ya mmoja, chagua majina ambayo hata mtoto wa miaka mitatu hawezi kuyachanganya.

Kwanza wapishane, halafu wakutane

Baada ya ile Jumapili tulianza upya. Daktari wa mifugo aliyekuja kushona sikio la Toby alituambia tusiwaachanishe kwa hasira wala tusiwalazimishe "wasameheane". Tuwatenge, watulie, kisha turudi hatua kwa hatua.

Tuligawa boma kwa wavu. Mmoja akilegezwa, mwingine anapumzika kwenye kibanda chake. Baada ya saa chache wanapishana. Kila mmoja alipata dakika kumi za mafunzo asubuhi na kumi jioni, peke yake. Dakika kumi si nyingi, ni muda ambao wengi wetu tunaupoteza tukitazama video kwenye simu. Lakini kwa mbwa ni darasa kamili, na ukizidisha anachoka na kuanza kufanya utundu.

Tulianza na mambo manne tu: kukaa, kungoja, kuja akiitwa, na kwenda mahali pake. Hilo la mwisho ndilo lililookoa familia. Kila mbwa ana gunia lake, la Toby liko chini ya mwembarao na la Shujaa karibu na tangi la maji. Nikisema "mahali", kila mmoja anaenda kwenye gunia lake na kubaki huko hadi nimwachilie. Mgeni akibisha geti, mathe akitoka na sufuria, mtoto wa jirani akija kuchukua mpira, wanaenda mahali pao. Mbwa aliyelala kwenye gunia hagombanii mlango.

Ujanja ni kumlipa papo hapo. Mbwa akifanya unachotaka, mpe zawadi ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, atadhani anasifiwa kwa jambo jingine alilofanya baadaye. Na familia nzima itumie neno lile lile. Kwetu mathe alikuwa akisema "toka", dada yangu anasema "shuka", mimi nasema "acha", wote tukimaanisha jambo moja. Mbwa atajuaje?

Baada ya wiki tatu hivi tulianza kuwatembeza pamoja. Mimi nilishika kamba ya Toby, dada yangu ya Shujaa, kila mmoja akiwa upande wake wa barabara. Tulisonga sambamba, bila kuwaruhusu kutazamana usoni. Kila siku tulipunguza umbali kidogo. Mbwa wanaotembea wakielekea upande mmoja hupata kitu kingine cha kufikiria. Ukiwakutanisha uso kwa uso kwenye kona ya boma, unawaalika wapigane.

Mwishowe ndipo tukaja kwenye mafunzo ya pamoja. Mmoja anakaa na kungoja huku mwingine akifanya kazi, halafu wanabadilishana. Hapo mbwa hujifunza somo gumu kuliko yote, kwamba mwenzake kupata hakumaanishi yeye kukosa.

Wale mbwa wa Ol Pejeta

Ukitaka kuona mbwa wengi wakiishi mahali pamoja kwa nidhamu, huhitaji kwenda ng'ambo. Nje kidogo ya Nanyuki kuna hifadhi ya Ol Pejeta, wanakoishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliosalia duniani. Miongoni mwa walinzi wao kuna kikosi cha mbwa, wakiwemo wa kunusa nyayo za majangili. Hifadhi ya Lewa nayo hutumia mbwa wa aina hiyo.

Katika kazi kama hiyo, kila mbwa hulala sehemu yake, hula chakula chake na hufunzwa na mtu anayemjua. Akiwa kazini anafuata harufu akiwa kwenye kamba ndefu, macho ya mlinzi yakisoma mkia, masikio na pumzi yake. Hakuna anayewafungia mbwa wote pamoja akitarajia watafunzana wenyewe. Sisi wa mtaani hatuna bajeti hiyo, lakini kanuni yenyewe haihitaji pesa: kila mbwa awe na nafasi yake, sahani yake na muda wake na wewe.

Habari ya "alfa" na kiboko

Utamsikia jamaa fulani akikuambia mbwa wakipigana ujue wanatafuta nani ni alfa, kwa hivyo waachie wamalizane, au uwatandike wajue alfa ni wewe. Ushauri huo una historia.

Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Alieleza jinsi walivyoshindania vyeo. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech alieneza wazo hilo katika kitabu chake kuhusu wanyama hao. Lakini baada ya miaka mingi ya kuwatazama wakiwa huru porini, Mech mwenyewe alilisahihisha, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida porini ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wale wa Schenkel walikuwa wageni waliorundikwa kwenye ua mmoja bila pa kukimbilia.

Ukifikiria vizuri, ua huo unafanana sana na boma langu kabla ya Julai. Mbwa wangu hawakuwa wakitafuta uongozi. Waligombania mfupa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha kuwa kuna wa kutosha.

Kiboko nacho huharibu zaidi. Mbwa akipigwa kila anaponguruma, hujifunza kutonguruma. Hapo umemnyang'anya kengele ya tahadhari. Siku nyingine atauma bila kukuonya. Mngurumo ni ujumbe. Ukiusikia, tafuta kinachomkera na ukiondoe.

Vyakula vya kwetu vinavyoua

Kanuni ya kwanza kwa mbwa wawili: sahani mbili, sehemu mbili, na mtu akisimama pale hadi wamalize. Mabaki yasiachwe chini. Mifupa tuliiondoa kabisa, na hata bila vita ilifaa iondoke, maana mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na unaweza kutoboa utumbo.

Halafu kuna hatari zinazotuhusu sisi watu wa mlimani. Makadamia, ile pesa inayoning'inia mtini kuanzia Murang'a hadi Embu na Meru, ni sumu kwa mbwa. Akizila, miguu ya nyuma hulegea, anatetemeka, anatapika na joto linapanda, mara nyingi ndani ya saa 12. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, lakini usikae ukingoja, mwite daktari. Kahawa pia ni hatari kwa sababu ya kafeini. Avokado nayo ina kokwa kubwa inayoweza kumkaba au kuziba utumbo. Kama mnaanika mazao uani, mbwa wawili wenye njaa watashindana kuyala, na ushindani huwafanya wameze bila kutafuna.

La hatari zaidi ni mahindi yaliyooza. Wengi wetu tukiona unga umeingia ukungu tunasema "huo ni wa mbwa". Hapana. Sumukuvu iliyo kwenye ukungu huo huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la binadamu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyoharibika. Unga usiokufaa wewe haumfai mbwa wako.

Na usisahau baridi. Kibanda kiinuliwe kutoka ardhini, mlango usielekee upepo wa mlima, na ndani pawe na nyasi kavu au magunia. Mbwa wawili, vibanda viwili.

Chanjo: hapa hakuna mjadala

Ukiwa na mbwa mmoja mgonjwa, kesho unaweza kuwa na wawili. Parvo huua vilebu haraka kwa kuhara damu na kutapika, na virusi vyake vinaweza kuishi kwenye udongo kwa miezi mingi. Kwa hivyo kabla ya kuleta kilebu mpya mahali palipokufa mwingine, zungumza na daktari wa mifugo. Chanjo huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi kilebu afikishe takriban wiki 16. Dawa ya minyoo pia wapewe wote siku moja, la sivyo wataambukizana upya.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine kabisa. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa. Kenya ilizindua mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo hivyo, na wataalamu wanasema inabidi angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Jirani zetu wa Laikipia wamekuwa na kampeni ya kuchanja mbwa tangu 2015. Mbwa wako huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Mbwa akikuuma, hata akiwa wako na hata kama kidonda ni kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta, usifunge kwa kitambaa ukangoja uone. Siku ya vita mathe hakuchubuka, lakini kitu cha kwanza nilichotafuta ni kadi za chanjo. Ya Shujaa ilikuwa imepitwa na miezi miwili. Sijawahi kuona aibu kama hiyo.

Chanjo pia huwalinda walio nje ya geti. Mwaka 2017 ugonjwa wa distempa uliangamiza makundi ya mbwa mwitu wa Laikipia, wanyama adimu ambao walikuwa wamerudi eneo hilo baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Ugonjwa huo huo huwapata mbwa wa nyumbani, na ni mmoja wa yale yanayokingwa na sindano ya kawaida ya kilebu.

Wakipigana, fanya hivi

Usiingize mkono katikati. Usimshike mbwa kwenye ukanda wa shingo, maana akigeuka anauma chochote kilicho karibu, hata kama anakupenda. Piga sufuria kwa nguvu, wamwagie ndoo ya maji, warushie blanketi, au ingiza ubao au kiti kati yao. Wakiachana, watenge sehemu ambazo hawaonani, kisha wakague kama wana majeraha. Usiwakutanishe tena siku hiyo.

Bora zaidi ni kuona vita kabla havijaanza. Mbwa hukakamaa, mkia unasimama wima, anamkazia mwenzake macho bila kupepesa, au anasimama juu ya chakula akiwa ameinamisha kichwa. Hapo usipige kelele. Ita jina, waelekeze mahali pao, ondoa kinachogombaniwa.

Na kama unafikiria dume na jike ili kuepuka ugomvi, fikiria pia uzazi. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kwa takriban siku 63. Usipompeleka kufungwa kizazi, au kumhasi dume, mbwa wawili watakuwa wanane kabla hujajipanga. Ndivyo vilebu wengi wanavyoishia kutupwa kando ya soko.

Kabla ya kuleta wa pili

Kama unaishi kwenye ploti, ongea na mwenye nyumba na majirani kwanza. Ukuta mmoja na mbwa wawili wanaobweka saa nane usiku ni njia fupi ya kufukuzwa. Hesabu chakula, chanjo na dawa mara mbili. Kisha mtazame mbwa uliye naye. Anakuja ukimwita? Anaweza kukaa akiona mbwa mwingine akipita? Kama hawezi, wa pili hatamfunza adabu, atajifunza ukorofi wake. Wengi hushauri kungoja hadi wa kwanza afikishe angalau mwaka mmoja na awe amefunzwa. Na ukileta mpya, wakutane nje ya boma, mahali ambapo hakuna mwenye kwake.

Desemba ilifika. Nilikuwa nimeshazungumza na mjomba wangu wa Naro Moru amchukue Shujaa, na nilikuwa nimeshamwambia mathe siku atakayokuja. Asubuhi hiyo nilimkuta amesimama mlangoni na sufuria mbili, si moja. Akasema "mahali". Kila mmoja akaenda kwenye gunia lake. Akamhudumia Toby, akatembea hadi kwenye tangi, akamhudumia Shujaa, kisha akasimama katikati mikono kiunoni hadi wote wakamaliza.

"Mpigie mjomba wako simu," akasema, "mwambie asipoteze mafuta."

Mpaka leo hatuwaachi pamoja bila mtu kuwepo, na mfupa haujarudi nje ya mlango ule. Usiku kila mmoja hulala kwenye kibanda chake, wavu ukiwa katikati. Kadi mbili za chanjo zimebandikwa ukutani jikoni, na tarehe zote mbili bado hazijapita.